Mkono Juu ya Gunia

Kompyuta yetu ya kwanza ilikaa sebuleni Nachingwea, juu ya meza ya kulia, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho mke wangu alikitoa kwenye kochi. Vumbi jekundu la mji ule halina adabu, linaingia mpaka ndani ya kopo la chumvi. Kila nilipotaka kufanya kazi nilivua kitambaa, nikapuliza, nikafuta, ndipo nikawasha, na kama umeme ulikuwapo nilimwomba Mungu uendelee kuwapo. Kwa sababu ya mashine ile tulikula sahani zikiwa magotini kwa muda mrefu. Mke wangu hakulalamika sana. Alisema tu kwamba wanawake wengine wake wenza wao hukaa nyumba ya pili, wa kwake kakalishwa mezani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati, mmoja wa hao wanaoitwa watu wa kuja. Nilipangiwa Nachingwea kutoka Kilimanjaro, nikafika na begi moja na nia ya kuomba uhamisho mapema iwezekanavyo. Uhamisho sikuuomba. Nilikutana na muuguzi, mzaliwa wa Mbekenyera upande wa Ruangwa, naye siku ya kwanza tu alinicheka. "Mwalimu," aliniambia, "mbona unasalimia kama nyumba yako inaungua?" Nikamwoa, na salamu zangu zikabaki vilevile.

Baba yake alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, lakini ukimuuliza yeye ni nani hakuanza na shamba. Alianza na mizani. Alikuwa mpimaji wa chama cha msingi cha wakulima tangu mke wangu akiwa mtoto. Kila msimu wa korosho alisimama mlangoni mwa ghala pembeni ya mizani ya zamani, ile ya kusogeza jiwe, gunia likapandishwa, naye akatamka uzito kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Karani aliandika kile alichokisikia. Hakuna mkulima aliyekuja kuchungulia, kwa maana mzee akishasema imeisha.

Halafu macho yakaanza kumsaliti. Ukungu uliingia jicho moja, kisha la pili, ule tunaouita mtoto wa jicho. Akaanza kuinama karibu na mizani mpaka pua inagusa chuma. Wakulima nao wakaanza kuchungulia baada yake, kwanza kwa kificho, baadaye waziwazi. Kamati ya chama ikakaa, ikasema maneno matamu kuhusu utumishi wake, na mwisho wake ikasema mzee apumzike.

"Nipumzike nimechoka nini?" aliniuliza, kana kwamba kamati ni mimi.

Wakati huohuo chama kilinunua mizani ya umeme. Ilikuwa na tarakimu ndogo nyekundu ambazo hata mimi mwenye miwani nilizisoma kwa kukunja uso, ila ilikuwa pia na waya wa kuiunganisha na kompyuta, kwenye lile tundu la nyuma lenye pini tisa ambalo mafundi huliita poti ya siriali. Katibu wa chama aliposikia kwamba mkwe wa mpimaji ana kompyuta, alikuja kuniuliza kama naweza kuandika programu ya kupokea uzito kutoka kwenye mizani. Nikamjibu naweza kabla hajamaliza kuuliza, ndivyo nilivyo.

Nilichowaza ni kitu kidogo. Kama uzito unafika kwenye kompyuta, basi naweza kuuandika kwa ukubwa wowote ninaoutaka. Mzee alipokuja kutusalimia nilimkalisha kwenye kochi, upande wa pili wa sebule, nikaweka tarakimu moja ikajaza kioo kizima, nyeupe juu ya weusi.

"Nane!" akapaza sauti. Nikabadilisha. "Tatu! Sabini na moja!" Kuku wa jirani walikimbia. Mzee akainuka, akaja mpaka mezani, akaigusa ile mashine kwa ncha za vidole kama mtu anavyomgusa mgonjwa.

"Mkwe," akasema, "basi nitakufa mpimaji."

Alipoondoka mke wangu hakucheka. Alikusanya vikombe, akasimama navyo mlangoni. "Mwalimu, baba hatahimili kuaibishwa mara mbili. Kama hicho kitu hakitafanya kazi, mwambie leo." Nikasema kitafanya kazi. Kamati ilikubali tufanye jaribio kabla ya msimu kufunguliwa: programu ikifaulu, mzee anabaki mlangoni mwa ghala, ikishindwa, anakaa nyumbani.

Shida ilikuwa moja. Mizani yenyewe ilikuwa Mbekenyera, ndani ya sanduku lake la mbao, ndani ya ghala, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti, ambaye aliapa kwamba haitafunguliwa mpaka siku ya jaribio ili isiharibike. Sasa utaijaribuje programu ya kusoma mizani bila mizani? Nilikasirika siku kadhaa, nikimsema mwenyekiti peke yangu jikoni, na mke wangu akiniitikia kwa kuguna.

Kompyuta yetu ilikuwa inatumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, niliyoipata kwenye sidii kwa rafiki wa Dar es Salaam. Ilinisumbua kuiweka, ila uzuri wake ni kwamba ilikuja na maelezo yake yenyewe ndani, kurasa kwa kurasa, nami sikuhitaji kwenda kupanga foleni kwenye intaneti ya mjini. Humo ndimo nilimosoma kwamba poti inaweza kutengenezwa hata kama haipo. Kuna programu ndogo iitwayo socat. Unaiomba ikutengenezee poti mbili za bandia na kuziunganisha kwa waya usioonekana. Inakujibu kwa majina yake mawili, /dev/pts/2 na /dev/pts/3, na kuanzia hapo chochote unachokiandika kwenye moja kinatokea kwenye nyingine. Programu yangu ingefungua poti ya kwanza ikiamini kabisa kwamba huko mwisho wa waya kuna mizani. Haikuwa na njia ya kujua kwamba huko mwisho kuna mke wangu.

Maana ndiye niliyemweka. Mizani inatuma mstari baada ya mstari bila kuchoka, na kila mstari una herufi mbili za kueleza kama imetulia au bado inayumba, kisha uzito. Nilimfungulia dirisha lake kwenye kioo, nikamwonyesha mfano, nikamwambia aandike uzito wa magunia.

Mwanzoni kila kitu kilirudi mara mbili. Alichoandika yeye kilinijia, kikarudi kwake, kikanijia tena, mpaka programu ikaona magunia yanapishana. Kumbe poti hizo zina tabia ya kurudisha mwangwi, na zinatakiwa zikatazwe tangu zinapotengenezwa. Nikazikataza. Mke wangu akasema laiti wanafunzi wangu nao wangekatazwa kwa amri moja.

Tukaanza upya. Akaandika, na kioo changu kikajaa: 3.5.

"Kilo tatu na nusu? Gunia gani hilo?"

"Limezaliwa leo asubuhi," akasema. "La kike. Mama yake mzima."

Alikuwa anaandika watoto aliowapima kazini. Nikamwambia mizani haifanyi utani, naye akatuma sifuri, na sifuri, na sifuri. Nikauliza kuna nini. "Hakuna korosho. Wakulima wamegoma mpaka mpimaji apewe chai." Nikainuka kupika chai, nikimwacha mke wangu, muuguzi mwenye cheti, akiwa mizani kwenye meza ya kulia, na moyo wangu ukawa mweupe kabisa. Niliporudi alinitumia magunia ya kweli, mazuri, yanayopanda, yanayoyumba kidogo, yanayotulia. Programu ikayachukua yote bila kukosea. Ikiona herufi za kutulia inanasa uzito, inauandika mkubwa, inausubirisha hapo mpaka gunia lishuke. Nikalala nikijisifu.

Siku ya jaribio tuliipeleka kompyuta Mbekenyera kwa pikapu ya katibu, nimeikumbatia mapajani. Jenereta ikawashwa. Kamati ilikaa kwenye benchi, na wakulima waliokuwa na kazi na wasiokuwa na kazi walijaa mlangoni. Mzee alivaa kanzu na koti. Mizani ikafunguliwa, nikachomeka waya, uzito wa kwanza ukatokea kwenye kioo, na nilimwona anatabasamu kwa upande, asitake kamati imwone.

Mkulima wa kwanza alikuwa rika lake kutoka Narung'ombe. Vijana wakapandisha gunia. Mzee yule akaweka kiganja juu ya gunia lake, baba mkwe naye akaweka cha kwake, na wakaanza kusalimiana.

Hiyo ndiyo desturi ya mlangoni pale, na nilikuwa nimeiona mara nyingi bila kuiangalia. Mkulima na mpimaji husalimiana juu ya gunia. Asalaam aleikum, kisha wakageukia Kimwera, hali ya nyumbani, hali ya mikorosho, salfa ya kuipulizia imetosha au haikutosha, yule mgonjwa aliyekuwa anapelekwa Nachingwea amefika wapi, na wote wawili wameegemea gunia lile kwa raha kabisa. Kwenye mizani ya zamani haikuwa na neno. Jiwe halisogei mpaka mpimaji alisogeze.

Programu yangu haikujua habari za wagonjwa. Ilinasa namba ikaijaza kwenye kioo, baba mkwe akageuka, akasoma vizuri kabisa, akatamka: "Themanini na tano!"

Karani akachungulia zile tarakimu ndogo nyekundu, ambazo zilikuwa zimeshashuka baada ya mikono kuondoka. Akatikisa kichwa. Gunia likapimwa tena, likatoa uzito mwingine. Mkulima wa pili, vilevile. Watu wakaanza kunong'ona, na nilichokisikia kilinichoma, maana hawakuisema mashine. Walisema macho ya mzee. Nikasimama nikapiga kelele kwamba mzee amesoma sawasawa, kilichoandikwa ndicho alichosoma, kosa ni la programu au la mizani. Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole.

"Sasa mwalimu, hapo umetusaidia nini? Macho hayafai, na mashine nayo haifai."

Baba mkwe alivua koti akalikunja. Nilimwomba mwenyekiti aniachie mizani jioni ile tu, na anipe siku chache kabla ya msimu kufunguliwa. Nadhani alikubali kwa kuona aibu ya kumwangalia mzee.

Watu walipotawanyika nilimwomba baba mkwe alete gunia lake mwenyewe kutoka nyumbani. Nilitaka kunasa kila mstari unaotoka kwenye mizani na kuuhifadhi, niende nao Nachingwea nikaone mashine inasema nini hasa. Gunia likaja, likapandishwa, naye akasimama pembeni yake. Njia ya kwenda kisimani inapita pale ghalani. Kila aliyepita alikuja kumpa pole, naye alimpokea kila mmoja, kiganja juu ya gunia, akauliza habari za watu wake mpaka wa mwisho. Mimi nilikaa nimekodolea waya na viunganishi, nikiamini mizani ni mbovu. Mistari ikajaa kwenye faili.

Nyumbani nikatengeneza tena zile poti mbili za bandia. Safari hii sikumpa mke wangu kazi ya kuandika. Niliandika programu ndogo ya kulisoma faili na kulituma mstari kwa mstari, kwa mwendo uleule wa mizani. Upande wa pili kioo kikaanza kuonyesha namba kubwa zikipanda na kushuka. Mke wangu alikuwa ametoka kazini, amekaa kwenye kochi anabangua karanga. Akaangalia kidogo, akaacha karanga.

"Huyo si baba?"

Nikamwambia ni gunia la baba.

"Siyo gunia. Ni baba." Akasogea. Namba zilitetemeka, zikapanda, zikashuka kidogo. "Hapo anacheka. Akicheka anagonga kitu chochote kilicho karibu naye." Namba zikapanda zaidi na kubaki juu, zimetulia kimya. "Na hapo wanamweleza habari ya msiba au ugonjwa. Baba akisikiliza hatikisiki."

Nami nikaona. Mzee akiwa anasikiliza, mkono wake unalalia gunia bila kusogea hata chembe, mizani inasema kwa haki kabisa kwamba imetulia, na programu yangu inanasa gunia pamoja na huruma ya baba mkwe. Nilianza kuhesabu kwa sauti: basi isubiri zaidi, isubiri mara mbili, mara tano.

"Utasubiri mpaka lini?" mke wangu akaniuliza. "Kuna salamu fupi na kuna salamu za mtu aliyefiwa. Utaiambia mashine nani kafiwa?"

"Sasa inaishaje? Lazima kuna mahali inapoishia."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Tangu tuoane nilikuwa nimekwenda kwao mara ngapi? "Inaisha akisema bismillahi. Anagonga gunia, anasema bismillahi, watu wote wanatoa mikono, ndipo anapima. Kila siku. Wewe ulikuwa unafikiri anaomba dua?"

Nilikuwa nafikiri anaomba dua. Tulicheka mpaka karanga zikamwagika, na katikati ya kicheko nikamwona anafuta macho kwa ukingo wa kanga.

Nilichobadilisha kwenye programu kilikuwa kidogo mno. Niliiondolea mamlaka ya kuamua. Ingeonyesha namba zikipanda na kushuka kadiri zinavyotaka, ila isingenasa chochote mpaka mtu abonyeze kile kitufe kirefu cha chini kabisa kwenye kibodi, na mtu huyo awe ndiye anayejua salamu zimekwisha. Nikairudishia faili la baba tena na tena kupitia poti za bandia. Mke wangu alikaa kwenye kibodi badala ya baba yake, akisema bismillahi kwa sauti nzito ya kuigiza na kubonyeza kila mikono ilipotoka. Haikukosea.

Siku ya kufungua msimu mzee alivaa koti lake tena. Gunia likapanda, viganja vikalala juu yake, salamu zikaenda mpaka zilipokwenda, na namba kubwa zikacheza kwenye kioo bila kumsumbua mtu. Kisha akagonga gunia.

"Bismillahi!"

Mikono ikatoka. Akabonyeza, akageuka, akatamka uzito, nasi tuliokuwa barabarani tukausikia. Karani akachungulia zile tarakimu nyekundu. Akachungulia gunia la pili, na la tatu. Baadaye akaacha kuchungulia, akawa anaandika tu. Mwenyekiti alikuja kusimama karibu nami, akaniuliza kama siku za mbele mashine itaweza kufanya kazi bila mpimaji. Nikamwambia haitaweza. Nilimjibu kwa furaha isiyo na heshima hata kidogo.

Baba mkwe alikufa mpimaji, kama alivyosema. Misimu ilipita, jicho moja likasafishwa hospitalini, lakini hakukubali zile tarakimu kubwa ziondolewe, alisema amezizoea. Tulimzika Mbekenyera baada ya msimu kufungwa, na watu waliokuja kutupa pole walisimama nasi muda mrefu, wakauliza habari za kila mtu. Sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Kompyuta ya mezani nayo ilizeeka. Nilinunua ndogo ya kufunga na kufungua, na alasiri moja nikakaa kuhamisha kazi zangu za zamani, nikataka kuona kama zile poti za bandia bado zinatengenezeka kwenye mfumo mpya. Nilihitaji kitu cha kupitisha ndani yake. Nikachukua faili la kwanza nililolikuta, bila kufikiri.

Namba zikapanda kwenye kioo, zikatetemeka. Mke wangu alikuwa anapita na beseni la nguo. Alisimama, akaliweka beseni chini, akavuta kiti.

"Anacheka," akasema.

Namba zikatulia juu, hazitikisiki. Mzee alikuwa anamsikiliza mtu, jioni ya siku ile aliyoambiwa mbele ya kijiji kizima kwamba hafai.

"Shikamoo, baba," mke wangu akasema taratibu, akiangalia kioo.

Kisha namba zikashuka kwa kilo nne na nusu, zikabaki hapo. Mkono umetoka. Lilibaki gunia la korosho peke yake, na programu inayongoja mtu aseme bismillahi. Nikapeleka kidole kwenye kitufe, mke wangu akanishika mkono.

"Usibonyeze. Rudisha nyuma, kabla hajautoa."

Nikalianza faili upya, na zile kilo nne na nusu zikarudi juu ya gunia.